Mama Alikuwa Anakwenda Sokoni

Swali la mzee yule wa ukoo lilikuwa la haki kabisa. Kama kinachotakiwa ni fedha, aliuliza kwenye kikao cha maandalizi, kwa nini kila mtu asitume alichonacho kwa simu, mambo yakaisha? Ya nini watu wakusanyike soko la Kwa Sadala Jumamosi asubuhi, wapande kilima kwa miguu kuelekea Masama juani, kwa ajili ya mama ambaye ameshazikwa na matanga yameshaanuliwa?

Kikao kilikuwa cha kuandaa matembezi ya hisani wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro. Marehemu alikuwa mama wa Kichaga aliyeuza ndizi karibu maisha yake yote, kisha akaishi miaka yake ya mwisho na ugonjwa wa kusahau, ambao hospitalini huitwa demensia. Mwandishi wa makala haya ni mkwe wake, mke wa kitinda mimba wake. Kwa mila za Wachaga, mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki kwenye kihamba cha wazazi, yaani shamba la nyumbani, na kuwatunza uzeeni. Mila haisemi ni nani atakayekoroga uji, atakayefua mashuka na atakayeamka usiku mlango unapotikiswa kwa ndani, lakini kila nyumba inajua kwamba ni mke wa huyo mtoto. Ndiyo maana mzee alipomaliza kuuliza, macho ya wengi yalimgeukia mwandishi. Jibu la sentensi moja hakuwa nalo. Alichokuwa nacho ni miaka aliyoishi na Mama chini ya paa moja, na akaanza kuwasimulia kuanzia mwanzo.

Dalili za kwanza zilionekana sokoni. Mama hakukaa sana darasani, lakini kwa hesabu ya biashara hakuna aliyemzidi. Noti alizitambua kwa wanyama wake: tembo ni elfu kumi, faru ni elfu tano, simba ni elfu mbili. Bei ya mkungu wa mshare ikishakubaliwa, chenji ilikuwa tayari mkononi kabla mteja hajafungua pochi. Siku moja mteja, mtu wa kupita njia kutoka Arusha, aligeuza gari na kurudi akiwa ameshika noti nyekundu. Alikuwa ametoa faru, akarudishiwa tembo. Wauzaji wenzake walicheka, wakamshukuru mgeni kwa uaminifu wake, biashara ikaendelea. Masika yalipofika hakuna aliyecheka tena. Mama aliketi nyuma ya mikungu yake, akazitandaza noti gotini, akazinyoosha kona moja moja kwa kidole gumba, akahesabu hadi katikati, akasita, akaanza upya. Muuzaji jirani yake alikuwa akimhesabia kila jioni bila kumwambia mtu.

Wengi hudhani ugonjwa huu huanza kwa mtu kusahau majina ya wajukuu. Kwa Mama ulianzia kwenye kazi aliyoiweza kuliko zote, na waliougundua wa kwanza walikuwa wauza ndizi, wala si watoto wake. Alzheimer ndiyo aina inayochukua asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wa demensia, na mara nyingi uharibifu wake huonekana mapema kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuyahifadhi mambo mapya. Ya jana hayashikiki, ilhali ya miaka hamsini iliyopita yanaweza kubaki muda mrefu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wapo katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika nchi hizo nyumba za kulelea wagonjwa wa aina hii ni za kutafuta kwa tochi. Wagonjwa wako majumbani, mikononi mwa mkwe, binti au mjukuu.

Baada ya sokoni, ikawa zamu ya nyumbani. Kitenge ambacho Mama alizawadiwa siku ya sendofu ya binti yake kilipotea. Alikitafuta kutwa nzima, na jioni akatamka mbele ya wageni kwamba mke wa mwanawe amekiiba. Kilikuja kuonekana ndani ya gunia la mahindi, kimekunjwa vizuri, mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa amekificha ili kisiibiwe. Wiki iliyofuata zilikuwa sufuria, kisha hela ya sadaka. Kwa aliyekuwa akimwogesha na kumpikia, maneno yale yaliuma sana. Baadaye daktari angeeleza kwamba kuwashuku wa karibu ni dalili ya kawaida ya demensia: kitu hakipo, kumbukumbu ya kukihamisha haipo, na akili hulijaza pengo kwa maelezo yaliyo jirani, yaani mtu aliye jirani. Lakini wakati huo hakukuwa na daktari, kulikuwa na majirani tu. Wakaanza kunong'ona kwamba mkwe amemchezea Mama ili akimiliki kihamba mapema.

Mnong'ono huo ulikoma, na heshima ya nyumba ikabaki. Kwingine hauishii hapo. Kanda ya Ziwa imekuwa na historia ndefu ya wanawake wazee kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na baadhi yao kosa lao lilikuwa macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni. Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, Kenya, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma hizohizo. Ganze, kaunti ya Kilifi, ipo Kaya Godoma, mahali panapowahifadhi wazee waliokimbia makwao baada ya kuitwa wachawi, wengine wakitishwa na watoto wao wa kuwazaa. Hakuna anayeweza kudai kwamba kila mzee aliyetuhumiwa alikuwa na demensia. Ugomvi wa ardhi una mkono mkubwa katika mambo haya. Hata hivyo, mtu anayeongea peke yake, anayekutwa usiku kwenye ua wa jirani asijue amefikaje, anayewataja marehemu kana kwamba wako hai, yumo hatarini popote ambapo hakuna aliyewaambia watu kwamba huo ni ugonjwa.

Kisha ikaja Desemba, mwezi ambao Wachaga walioko Dar es Salaam, Arusha na Mwanza hurudi kwao. Mashemeji walifika na zawadi na kelele za furaha. Mama aliwapokea kwa baraka zote, akaitikia "marahaba" kwa kila shikamoo, akawauliza hali za watoto, akacheza wimbo wa kwaya katikati ya sebule. "Mbona Mama mzima?" wakauliza, na swali hilo lilimlenga mwandishi. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo alikuwa ameandika mengi ambayo sasa yalionekana kama ya kutunga.

Adabu za mapokezi ni miongoni mwa vitu vinavyochelewa kufutika. Mtu mwenye demensia anaweza kuimudu saa moja ya wageni kwa salamu na tabasamu alizozizoea tangu utotoni, kisha akaanguka kwa uchovu wakishaondoka. Aliyeumaliza ubishi ule alikuwa kaka mkubwa wa mume wa mwandishi, kwa kulala chumba cha jirani na Mama. Saa tisa usiku aliamshwa kwa kutikiswa bega. Mama alikuwa amevaa, amejifunga kitambaa kichwani, akamwita kwa jina la mdogo wake mwenyewe aliyefariki zamani, akimhimiza waiwahishe kahawa chamani kabla karani hajafunga mizani. Kwa kizazi chake, chama maana yake ni chama cha msingi chini ya KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioanzishwa mwaka 1933. Mti wa mwisho wa kahawa kwenye kihamba kile ulikuwa umeng'olewa miaka mingi nyuma. Asubuhi yake kaka mkubwa hakuuliza tena kama Mama ni mzima. Aliuliza watampeleka hospitali gani.

Zahanati ya kwanza iliwarudisha na dawa za minyoo na neno moja: uzee. Aliyelitoa hakuwa mtu mbaya, na wala hakuwa peke yake. Mwaka 2019 shirikisho la kimataifa la vyama vya Alzheimer lilichapisha matokeo ya kuwahoji watu karibu 70,000 duniani, na asilimia 62 ya watoa huduma za afya waliohojiwa walisema demensia ni sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Ajabu ni kwamba aina yake kuu iliingia kwenye vitabu vya tiba kupitia mtu ambaye hakuwa mzee. Auguste Deter, mgonjwa aliyepokelewa na daktari Alois Alzheimer huko Frankfurt mwaka 1901, alikuwa na miaka 51. Alipofariki mwaka 1906 daktari aliuchunguza ubongo wake, akaona kwa hadubini uharibifu ambao hadi leo ndio alama ya ugonjwa unaobeba jina lake. Uzee huongeza hatari, lakini wazee wengi hufika miaka tisini bila kuupata.

Hospitali waliyokwenda baadaye ilikuwa na mtu aliyeelewa. Na hapo ndipo familia ilipojua kwamba wilaya yao ina jina kubwa katika elimu ya ugonjwa huu barani Afrika. Watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji vya Hai, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba asilimia 6.4 ya wazee wa umri huo walikuwa na demensia. Vipimo vilivyotungwa Ulaya vilikuwa vinawaonea wazee wa huku: kumwambia achore saa ya ukutani mtu ambaye hajawahi kushika kalamu kunapima shule aliyokosa, hakupimi ubongo wake. Likatengenezwa dodoso fupi kwa ajili ya wazee wa Afrika, likajaribiwa Tanzania na Nigeria, ambalo ndani yake mzee huombwa akumbuke maneno aliyosomewa, ataje wanyama kwa dakika moja, aeleze daraja ni nini, na aige umbo lililopangwa kwa njiti za kiberiti.

Kuhusu daraja, Mama alifunguka. Alieleza mto Kikafu unavyofurika masika, nani alisombwa na maji, na mbuzi wa nani. Maneno aliyosomewa dakika chache kabla hakukumbuka hata moja. Zilipopangwa njiti mezani, aliziangalia kwa makini, akaziokota zote, akazipanga ndani ya kiberiti vichwa vikiwa upande mmoja, akakifunga na kumrudishia mwuguzi. "Weka vizuri, mwanangu, zitapata unyevu." Mwuguzi alipokea kwa mikono miwili, akamwambia asante Mama, kisha akaandika alichopaswa kuandika. Mwandishi ameshuhudia hospitali nyingi tangu siku ile, na bado ile namna ya kukipokea kiberiti ndiyo anayoikumbuka anaposikia watu wakizungumzia huduma bora.

Dawa ya kuponya haipo. Zipo za kupunguza makali ya dalili kwa baadhi ya wagonjwa, na tangu 2023 Marekani imeidhinisha lecanemab, inayopunguza kasi ya Alzheimer kwa walio hatua za mwanzo tu. Ilipotoka, bei yake ilitangazwa kuwa dola 26,500 kwa mwaka, bila kuhesabu vipimo vya ubongo inavyohitaji. Familia ya muuza ndizi haina la kufanya na habari hiyo. Ilichokuwa na la kufanya nacho ni kile kingine alichosema daktari: presha ya Mama ilikuwa juu mno, na haikuwahi kupimwa. Utafiti mwingine uliofanyika hukohuko Hai uliwakuta karibu asilimia 70 ya wazee wa miaka 70 na zaidi wakiwa na shinikizo la juu la damu, wengi wao bila kujua. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja vihatarishi 14 vinavyoweza kuzuilika au kupunguzwa, presha, kisukari, usikivu hafifu, macho yasiyotibiwa na upweke vikiwemo, na kukadiria kwamba vikishughulikiwa vyote karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuepukwa au kucheleweshwa. Kipimo cha presha hakihitaji maabara. Kinahitaji mashine ndogo, mkono wa mgonjwa, na mtu wa kuifuatilia.

Kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo alistahili matibabu bila malipo, na Mama alihudumiwa hivyo. Nauli, nepi za watu wazima na siku za kazi alizozikosa mkwe hazimo kwenye sera yoyote. Zanzibar, tangu Aprili 2016, imekuwa ikimlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi pensheni ya jamii. Bara haijafika huko, na ni jambo ambalo wabunge wanapaswa kuulizwa kila wanapopita kuomba kura.

Kisha Mama akaanza kutembea.

Ilianza jua likielekea kuzama. Wauguzi wa demensia wanaifahamu saa hiyo: mwanga ukipungua, wagonjwa wengi huingiwa na wasiwasi na kutaka kuondoka mahali walipo. Mama alichukua kikapu, akajitwisha kata ya majani makavu ya mgomba kichwani, akashika njia. Kikao cha ukoo kiliamua geti lifungwe kwa kufuli na majirani wasiambiwe zaidi ya wanachokijua, kwa kuwa binti mmoja wa nyumba ile alikuwa ameposwa na haikufaa posa ihusishwe na habari za wazimu. Kufuli likafungwa. Mama alilitikisa mpaka viganja vikavimba, akilia kwamba amefungwa na watu asiowajua.

Jioni moja watoto walisahau geti wazi. Giza lilipoingia, nyumba nzima ilikuwa kwenye migomba na tochi, wakiita kwa sauti ya chini ili jirani asisikie. Aliyempata alikuwa kijana wa bodaboda aliyekuwa akirudi kijiweni. Alimkuta ameketi kando ya lami, chini kabisa, karibu na Kwa Sadala, kikapu kitupu mapajani, uso umeelekea soko. "Nimechelewa, mwanangu," alimwambia. "Nipakie niwahi meza yangu." Kijana hakubishana naye. Alimwambia soko limeshafungwa, wenzake wameshaondoka, apande ampeleke nyumbani apumzike, kesho wataamka mapema. Mama akapanda.

Sentensi ile ya kijana iliigeuza nyumba. Miezi yote ile walikuwa wakisema Mama "anatangatanga", na kumbe kila mara alikuwa na mahali anapokwenda. Alikuwa anawahi kazini. Mwili ulikuwa umeshika saa, njia na mzigo wa siku zake za nguvu, na kila waliposimama getini kumweleza kwamba yeye ni mzee na hauzi tena ndizi, walikuwa wakimpa habari ya msiba ambao hakuwahi kuusikia. Mwandishi aliacha kumweleza. Akaanza kumfuata. Jioni zilizofuata walitoka wote, Mama mbele na kikapu chake, mkwe hatua mbili nyuma, wakateremka hadi penye mwembe mkubwa, wakapumzika, wakasalimia watu. Mara nyingi, ndani ya mapumziko hayo, safari ya soko ilisahaulika, na Mama mwenyewe ndiye aliyesema, "Twende nyumbani, giza linaingia." Usiku wa siku hizo alilala.

Lakini mtu mmoja hawezi kumfuata mwenzake kila jioni kwa miaka. Mume wa mwandishi alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, akaeleza yote bila kuficha, na balozi akawaita wenye nyumba zilizo kando ya njia ile. Yeye ndiye aliyesema kwa sauti kile ambacho wengine walikuwa wakikizunguka: mficha maradhi kifo humuumbua. Jumapili iliyofuata mchungaji alitangaza usharikani, kwa idhini ya familia, kwamba Mama ana ugonjwa wa ubongo, haujaletwa na mtu, hauambukizi, na kwamba atakayemwona peke yake njiani amsaidie. Posa ya binti, kwa taarifa ya wanaojali, haikuvunjika.

Ndani ya mwezi njia yote ilikuwa na macho. Mama wa duka alimwita aketi apate chai. Vijana wa kijiwe walikuwa na namba ya nyumbani. Mzee mmoja mwenye mbwa alizoea kumwambia, "Mama, ndizi zimeisha sokoni leo, wateja wamekusubiri wakaondoka, watakuja kesho," na Mama aliitikia kama mfanyabiashara anayepokea taarifa. Jirani mmoja wa kike, ambaye mnong'ono wa kihamba ulipitia kwake, alikuja mwenyewe kuomba zamu ya Alhamisi ya kukaa na Mama. Kufuli likatolewa getini.

Hakuna kituo cha kulelea wazee kingeweza kununua ulinzi ule. Hapa Hai, hata wataalamu walishajaribu kuwakusanya watu 34 wenye demensia kwenye vikundi vya kuchangamsha akili, vikao 14 vya mazungumzo, nyimbo na kazi za mikono, vikiongozwa na watoa huduma wa hapahapa, na hali za washiriki zikaonekana kuwa bora zaidi. Mbinu ile ilitoka Uingereza, ikabidi nyimbo na mifano ibadilishwe. Akina mama wa zamu za Mama hawakuwa wamesoma utafiti huo. Walimpa maharage ya kuchambua, wakaimba naye, wakamwuliza habari za kahawa, na kwa namna yao walifika karibu sana na palepale.

Mwaka wa mwisho wa Mama haukuwa na safari. Miguu iligoma kwanza, kisha maneno, kisha koo. Mtori wa ndizi alioupenda maisha yake yote ulilazimika kupondwa ukawa laini kabisa, ukinyweshwa kwa kijiko cha chai, mgonjwa akiwa ameketishwa wima, kwa sababu chakula kinachoingia njia ya hewa huleta nimonia, na nimonia huwaondoa wengi waliofika hatua hiyo. Ndiyo iliyomwondoa yeye. Miongoni mwa waliobeba jeneza walikuwa vijana wa kijiwe cha bodaboda, kwa ombi lao.

Hayo ndiyo mwandishi aliyoyasimulia kikaoni, na mzee aliyeuliza swali alikaa kimya akisikiliza. Matembezi ya namna hii si jambo geni ulimwenguni. Chama cha Alzheimer cha Marekani kilianza yake mwaka 1989 kikiwa na watembeaji 1,249 na kukusanya dola 149,000. Leo hufanyika kila mwaka katika miji zaidi ya 600. Washiriki wake hubeba maua ya rangi mbalimbali: zambarau ni aliyefiwa, njano ni anayeuguza, buluu ni mgonjwa mwenyewe. Kilichosukuma mambo mbele zaidi huko ni watu kukubali kuonekana. Novemba 1994 Ronald Reagan, rais mstaafu, aliwaandikia Wamarekani barua ya mkono kuwaeleza kwamba ana Alzheimer. Jirani zetu wa Kenya wana shirika lao, lililoanzishwa na Elizabeth Mutunga baada ya kumuuguza baba yake, nalo linafanya kazi hiyohiyo ya kuutoa ugonjwa ndani ya vyumba vya nyuma. Mchango unaotumwa kwa simu unafika, na hakuna anayeuona ukipita. Watu wakipanda barabara kwa pamoja, mwenye mgonjwa ndani anachungulia.

Matembezi yakafanyika, Jumamosi moja karibu na Septemba 21, siku ambayo dunia huikumbuka Alzheimer. Fulana zilikuwa za zambarau. Akina mama wa sokoni walifunga meza zao kwa saa mbili, jambo ambalo kwa siku ya soko ni sadaka nzito kuliko bahasha. Wazee wa ukoo walibeba majani ya masale, mmea ambao kwa Wachaga hupandwa mipakani na hutumika mtu anapomwendea mwenzake kuomba msamaha. Hakuna aliyewaagiza. Yule mwenye swali alitembea nao, bakora mkono mmoja, sale mkono wa pili, na alipofika nyumbani kwa marehemu aliliweka juu ya kaburi bila kutoa hotuba.

Fedha zilizopatikana zilinunua mashine za kupimia presha kwa ajili ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mbili kati ya hizo, zilizokuwa zimetangulia kununuliwa, zilianza kazi siku ileile, kwenye meza iliyowekwa chini ya hema. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ilivyotarajiwa. Watu waliketi, wakakunja mikono ya mashati, na wakati mashine ikijaza upepo, wakaanza kusema mambo ambayo hawakuulizwa: mama anayeficha chakula chini ya godoro, baba aliyepotea njia ya kisimani. Mwanamume mmoja aliongea kwa kunong'ona, mpaka aliyekuwa nyuma yake alipomgusa bega na kumwambia kwamba kwao iko hivyohivyo.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa mwanamke kijana, mkwe katika nyumba moja ya jirani. Presha yake ilikuwa sawa. Alikuja kwa sababu ya baba mkwe wake, aliyekuwa fundi seremala na ambaye sasa hutoka alfajiri na msumeno. Wiki iliyofuata mwandishi alikwenda kwao, na kabla ya kuzungumzia hospitali, wakateremka wote wawili hadi kijiweni wakiwa na picha ya mzee. Kijana wa kwanza kuiona alisema anamjua, alishampita njiani akadhani anakwenda kazini. Akamwomba mkwe namba ya simu, akaisevu, kisha akapiga mluzi kuwaita wenzake waje nao waichukue.